Kwanini dawa za minyoo za ng'ombe wa maziwa ni chache hivi? Na je, naweza kuongeza dozi?

"Daktari habari za kazi. Nafuga ng'ombe wa maziwa, nina wakubwa ninaowakamua pamoja na mitamba na ndama. Muda mrefu natumia ile dawa ya kumwaga mgongoni ya eprinomectin kwa sababu haina siku za kumwaga maziwa. Siku hizi naona kama imepoa nguvu, ndama wanaharisha, manyoya yamesimama, na ng'ombe wawili wakubwa wamekonda japo wanakula. Mwenzangu anasema nichome ivermectin tu halafu maziwa niyachemshe vizuri, mwingine anasema niongeze dozi mara mbili. Ninachouliza ni hivi, kampuni zina hela zote zile, kwanini hazitengenezi dawa nyingi za ng'ombe wa maziwa zisizo na siku za kusubiri? Hawataki au hawawezi? Na kuna mpya inakuja?"

Habari nzuri ndugu yangu, pole na ndama. Hapo umeweka maswali kama manne ndani ya moja, ntaanza na lile ambalo haliwezi kusubiri maana nahofia sindano ishaandaliwa.

Ivermectin usimchome ng'ombe unayemkamua, na kuchemsha maziwa hakubadilishi kitu. Najua watu wanaamini moto unamaliza kila kitu na kwa bakteria ni kweli kabisa, endelea kuchemsha, ila ivermectin siyo kiumbe cha kuuliwa, ni molekuli, tena inayostahimili joto, ukichemsha yanapungua maji dawa inabaki palepale. Ukigandisha mtindi inabaki. Na kwa kuwa inapenda mafuta, ukitenga malai ukapiga siagi ndo umeikusanya sehemu moja zaidi. Ndo maana lebo nyingi haziandiki siku saba wala kumi na nne kwa ng'ombe anayekamuliwa, zinakataza moja kwa moja, na hata mtamba au ng'ombe aliyekaushwa akishakaribia kuzaa haruhusiwi, kwa sababu dawa inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole mpaka siku kiwele kinafunguka.

Kuongeza dozi mara mbili nako acha kwanza. Siku zilizoandikwa kwenye lebo, iwe sifuri au kumi, zilipimwa kwa dozi ileile, kwa njia ileile, kwa mnyama wa aina ileile. Ukibadilisha hata kimoja, ukamwaga mara mbili, au dawa ya kumwaga mgongoni ukainywesha mdomoni, au ukachukua ya kondoo ukampa ng'ombe, ile namba kwenye lebo haikuhusu tena, hata kama ilikuwa sifuri.

Na hapo kwenye sifuri ngoja nisahihishe kitu, maana hata wataalamu wenzangu wengine wanalielezea vibaya. Siku sifuri haimaanishi dawa haiingii kwenye maziwa. Inaingia. Maana yake ni kwamba kile kinachoingia kiko chini ya kiwango kilichokubalika kuwa salama tangu mkamuo wa kwanza. Kiwango chenyewe kinapatikana hivi: wanyama wa maabara wanapewa dawa kwa muda mrefu, inatafutwa dozi kubwa kabisa ambayo haikuleta madhara yoyote, halafu inagawanywa kwa 100 kwa kawaida, mara kumi kwa sababu binadamu siyo panya na mara kumi nyingine kwa sababu binadamu wenyewe hawafanani, kuna mtoto, kuna mgonjwa, kuna mzee. Kisha wanamchukua mtu wa kilo 60 na kudhani kila siku ya maisha yake anakula gramu 300 za nyama ya mnyama aliyetibiwa, gramu 100 za ini, 50 za figo, 50 za mafuta, na juu yake anakunywa lita moja na nusu ya maziwa. Ni mlaji wa ajabu huyo lakini ndo anayetulinda sisi wengine. Kwa eprinomectin hesabu hiyo ilitoa kikomo cha mikrogramu 20 kwa kilo ya maziwa, na mikrogramu moja ni sehemu ya milioni ya gramu. Ukimwaga dozi sahihi hufiki hapo. Ukimwaga mara mbili au tatu, nani amekupimia?

Zile dawa zenye siku za kusubiri nazo, wanaozipima hawatafuti wastani. Kundi la ng'ombe linatibiwa, maziwa ya kila mkamuo yanapimwa, halafu kwa takwimu wanatafuta muda ambao hata yule ng'ombe mzito wa kusafisha dawa mwilini atakuwa ameshashuka chini ya kikomo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi huwa nauza siku mbili kabla na hakuna aliyeumwa" hajathibitisha kitu.

Sasa tuje kwenye hawataki au hawawezi. Ukweli ni kwamba ugumu uko zaidi kwenye hilo la pili, na ukiuelewa huo hata lebo utaisoma kwa jicho tofauti.

Minyoo wanaokusumbua, akina Ostertagia, Haemonchus na Cooperia, wanakaa tumboni na kwenye utumbo, Dictyocaulus anakaa mapafuni. Dawa uliyomwaga mgongoni inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, damu inawapelekea. Shida ni kwamba damu inayompelekea mnyoo dawa ndo hiyohiyo inayokipelekea kiwele malighafi ya maziwa, na inapita kwa wingi wa kutisha, ili itoke lita moja ya maziwa inabidi damu kama lita 400 hadi 500 zipite kwenye kiwele. Piga hesabu ya ng'ombe wa lita 20. Chochote kilichomo kwenye damu kinapitishwa mbele ya seli za kiwele mara nyingi mno kwa siku, na seli hizo hazichagui kama unavyotaka wewe. Molekuli inayopenda mafuta, kama ivermectin, inateleza kupita kwenye utando wa seli na kuingia kwenye matone ya mafuta ya maziwa. Molekuli iliyo besi kidogo, yaani kinyume cha asidi, kama levamisole, dawa nyingine ya minyoo, inanaswa kwa njia nyingine: damu ina pH kama 7.4, maziwa yana asidi kidogo zaidi, 6.6 hivi, kwa hiyo ikishaingia kwenye maziwa inapata chaji na haiwezi kurudi ilikotoka. Juu ya hapo kiwele kina pampu zake zinazochukua kemikali fulani kwenye damu na kuzisukuma upande wa maziwa, na pampu hizo zinachangamka zaidi wakati ng'ombe anakamuliwa.

Kwa hiyo anayetafuta dawa ya ng'ombe wa maziwa anatafuta kitu kinachojipinga chenyewe. Ifike kwa mnyoo kwa wingi wa kumuua, ikae mwilini muda wa kutosha, lakini ipite kiweleni bila kushuka. Ukiifanya itoke mwilini haraka maziwa yanakuwa salama lakini minyoo wanapona, ukiifanya ikae unaua minyoo vizuri sana na maziwa unamwaga.

Eprinomectin ilipatikana kwa kuhangaika na hilohilo. Chanzo chake ni mbali, Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato huko Japani alikuwa anakusanya bakteria wa udongoni, mmoja akatoka kwenye udongo wa Kawana, eneo la Ito, akatumwa kwenye maabara ya Merck kule Marekani ambako William Campbell na wenzake walikuwa wanajaribu vimiminika vilivyokuziwa bakteria wa aina hiyo kwa panya wenye minyoo. Panya wakapona. Hapo zikapatikana avermectin, zikatengenezwa ivermectin, ikaanza kuuzwa kwa mifugo mwaka 1981, na 2015 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini ng'ombe wa maziwa alibaki nje ya sherehe kwa sababu ya ile kupenda mafuta. Ikabidi wanakemia wakae chini, wabadilishe vipande vya molekuli, wajaribu, wapime maziwa, wabadilishe tena. Badiliko lililofanya kazi lilikuwa dogo sana ukiliona kwenye mchoro, sehemu moja tu kwenye sukari ya pembeni ya molekuli, kikundi cha haidroksili kikatolewa kikawekwa cha asetilamino. Matokeo yake kiwango cha dawa kwenye maziwa kikawa kama sehemu moja hadi mbili kwa kumi ya kilichomo kwenye damu, wakati ivermectin kwenye maziwa inakaribia kulingana na ya kwenye damu. Marekani ikaidhinishwa 1997. Yaani kutoka ivermectin mpaka ndugu yake wa maziwa imepita miaka kumi na sita, na hiyo ni kwa kundi la dawa ambalo tayari walikuwa wanalijua.

Na kupata molekuli ni nusu tu ya safari. Kwa kanuni za kimataifa zinazofuatwa na nchi nyingi, zile za VICH (mpango wa kimataifa wa kuoanisha masharti ya kusajili dawa za mifugo), lazima uonyeshe kwa majaribio zaidi ya moja kwamba inapunguza kila aina ya mnyoo unayetaka kumwandika kwenye lebo kwa asilimia 90 au zaidi, na kwa minyoo hilo linamaanisha kuchinja wanyama waliotibiwa na wasiotibiwa na kuhesabu mnyoo mmoja mmoja. Unajaribu dozi moja, mara tatu na mara tano uone mnyama anavumilia vipi. Unaangalia mimba. Unaangalia kinyesi kinafanya nini kwa mende wa samadi, maana dawa za kundi hili zinatoka na kinyesi na kuua mabuu wao. Ukiongeza neno "anayekamuliwa" kwenye lebo, rundo la majaribio ya maziwa linaongezeka juu ya hayo yote. Hapo ndo "hawataki" inapoingia kidogo, kampuni inapiga hesabu kwamba kwa gharama hiyohiyo inaweza kutengeneza dawa ya mbwa ambaye mwenye naye hauzi maziwa yake wala hali nyama yake. Siwatetei, nakwambia inavyokwenda.

Halafu siyo kweli kwamba uko na moja tu. Fenbendazole ya kunywesha, nchi nyingine imeidhinishwa kwa ng'ombe anayekamuliwa bila siku za kusubiri kwa dozi fulani, nchi nyingine wanataka siku kadhaa. Albendazole nayo iko, ina siku za maziwa na pia haifai kwa mimba changa, inaweza kuharibu kiumbe tumboni. Hapa fuata lebo iliyoidhinishwa kwenye nchi uliyopo, siyo uliyoiona mtandaoni ya kwingine.

Tuje kwenye dawa kupoa nguvu. Usugu ni wa kweli na ni wa haraka kuliko watu wanavyodhani. Thiabendazole iliingia sokoni 1961 ikasifiwa sana, kufika 1964 tayari kuna ripoti za minyoo ya kondoo isiyokufa. Monepantel, dawa ya kundi jipya kabisa baada ya miaka mingi ya ukame, iliingia New Zealand kwa kondoo 2009, na 2013 ripoti ya minyoo sugu ikatoka hukohuko New Zealand. Dawa haiwafundishi minyoo usugu. Wachache wenye jeni hiyo wanakuwepo tangu mwanzo, dawa inafagia wengine wote na kuwaachia hao wachache zizi zima wazaane wenyewe kwa wenyewe. Ukitibu kila mnyama, kila mara, kwa dawa ya kundi moja, tena kwa dozi pungufu, ndo njia fupi zaidi ya kuwatengeneza. Kwa ng'ombe, anayeponyoka kwanza kwenye kundi la ivermectin na eprinomectin mara nyingi ni Cooperia, na Cooperia ni mnyoo wa ndama hasa, kwa hiyo malalamiko yako juu ya ndama yananifanya nisikupuuze.

Ila kabla ya kuihukumu dawa, niambie unavyoitumia. Eprinomectin ya kumwaga ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kwa chupa nyingi hiyo ni mililita moja kwa kilo kumi. Uzito unaupataje? Kama ni kwa macho, watu wengi wanakosea, hasa kwa ng'ombe mkubwa, tumia tepu ya kifua angalau. Unaimwaga kuanzia mabegani mpaka shina la mkia kwenye mstari wa mgongo, au unaimwaga pale tu alipokaa karibu na wewe? Mgongo una matope, una vidonda? Halafu ng'ombe wanalambana. Kwa dawa za kumwaga mgongoni hilo siyo jambo dogo, sehemu kubwa inaweza kuishia kwenye ulimi badala ya kupita kwenye ngozi, mmoja anapata nyingi, mwingine pungufu, na ambaye hukumtibu kabisa naye anapata. Ukiwa unachanganya zizini waliotibiwa kwa ivermectin ya mgongoni na wanaokamuliwa, dawa itafika kwenye maziwa ya ng'ombe ambaye hukumgusa. Hili la mwisho naomba ulirudie kusoma.

Na jambo jingine ambalo halimo kwenye maneno ya wenzako wote wawili. Dawa za kundi hili zinafungua milango ya kloridi kwenye neva na misuli ya mnyoo wa duara, anapooza, hata koo la kunyonyea halifanyi kazi. Sisi mamalia milango ya aina hiyo hatuna, na inayofanana nayo iko ndani ya ubongo ambako kuna pampu ya kuizuia dawa isiingie (kuna mbwa wa aina ya collie wenye hitilafu kwenye pampu hiyo, na hao ivermectin inaweza kuwaua). Sasa minyoo bapa wa ini na tegu hawashikwi na dawa hizi. Umwage chupa moja, umwage ndoo, mnyoo wa ini atakaa palepale. Ng'ombe wako wawili wakubwa waliokonda huku wanakula, wazo langu la kwanza wala siyo minyoo ya tumbo, maana ng'ombe mkubwa aliyekulia malishoni kwa kawaida ameshajenga kinga dhidi ya hiyo. Nafikiria mnyoo wa ini kama wanalisha kwenye majimaji yenye konokono, nafikiria chakula kisichotosha maziwa wanayotoa, na kuna magonjwa ya kukondesha polepole ambayo lazima yapimwe. Kama ni mnyoo wa ini dawa zake zipo lakini nyingi zimekatazwa kwa anayekamuliwa au zina siku ndefu, ndo maana mara nyingi tunapanga kutibu wakati ng'ombe amekaushwa. Ndama nao, kuharisha kunaweza kuwa koksidia, na koksidia ni vimelea vya seli moja, siyo minyoo, hakuna dawa ya minyoo itakayowagusa.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Kinyesi cha ndama kama kumi, au wote kama ni pungufu, kikahesabiwe mayai kabla ya dawa. Watibu kwa uzito uliopimwa. Baada ya wiki mbili hesabu tena ndama haohao. Mayai yakipungua kwa asilimia 95 au zaidi dawa yako ni nzima na tatizo liko kwingine, yakipungua kidogo kuliko hapo una sababu ya kushuku usugu, na kwa ndama una uhuru mkubwa maana hawakamuliwi, unaweza kuhamia levamisole au fenbendazole, au mawili ya makundi tofauti kwa pamoja kama daktari wako ataona inafaa, kwa dozi kamili za kila moja. Wakubwa wasiokuwa na dalili waache bila dawa. Najua inauma kumwacha mnyama bila dawa wakati chupa imefunguliwa, lakini mayai yao yasiyo sugu yakidondoka malishoni yanachanganyika na ya wale sugu ili wasitawale malisho, na hiyo inakuongezea miaka ya kuitumia dawa yako.

Mpya zinazokuja? Monepantel ipo kwa kondoo, haijaja kukuokoa wewe wa maziwa. Isoksazolini, zile zinazotamba kwa viroboto na kupe wa mbwa, zimeanza kuingia kwa ng'ombe wa nyama dhidi ya kupe, ila zinakaa mwilini muda mrefu kwa hiyo ng'ombe anayekamuliwa yuko nje. Mimi nina matumaini zaidi na vitu ambavyo siyo dawa kwa maana ya kemikali. Chanjo ya mnyoo wa mapafu wa ng'ombe ipo tangu 1959, inatengenezwa kwa mabuu waliodhoofishwa kwa mionzi, na haiachi mabaki ya dawa kwenye maziwa. Chanjo ya Haemonchus kwa kondoo iliidhinishwa Australia 2014. Kuna pia kuvu anaitwa Duddingtonia flagrans, ng'ombe anakula mbegu zake kwenye chakula, zinapita tumboni zikiwa hai na kuwanasa mabuu kwenye kinyesi kabla hawajapanda majanini. Haponyi ndama anayeumwa leo, anasafisha malisho ya kesho. Vyote hivi haviko kila nchi, uliza kilichosajiliwa kwenu.

Daktari wa mifugo aje mwenyewe, siyo kwa simu, ukiona ndama ana uvimbe laini chini ya taya, ufizi na ndani ya kope vimepauka, kinyesi kina damu, ameacha kula au hawezi kusimama. Hao hawasubiri majibu ya wiki mbili. Na wale wakubwa wawili wapimwe damu na kinyesi kabla ya kupewa dawa yoyote. Kama ulishachoma ivermectin kabla ya kusoma hapa, mwambie tarehe, dozi na jina kamili la dawa, maziwa yasiuzwe wala kunywewa nyumbani mpaka akupe jibu, na ndama usiwape hayo hayo ukidhani umeyaokoa.

Sampuli zitoe mkunduni kwa mnyama mwenyewe ukiwa na glovu, usiokote chini, kila mmoja mfuko wake wenye namba yake, toa hewa funga, weka pa baridi lakini visigande, vifike maabara siku hiyohiyo au kesho yake.